Kioo cha Daktari Sarlenga

Mji wa Rosario una wanasaikolojia wengi kuliko mbwa, na mbwa wenyewe si haba. Hata kinyozi kule atakuuliza umeota nini kabla hajakuuliza unanyoa mtindo gani. Sasa katika mji huo wa wasemaji, Mungu akamleta Zulema Bracamonte, bubu wa vikao. Si kwamba hakuwa na la kusema. Alikuwa nalo tele. Ila kila akifungua mdomo kwenye kikao cha wanafunzi wa saikolojia ya watoto, mwenzake alikwisha kulidaka neno. Mwaka mzima wa mafunzo kazi yake ikawa kuwamiminia wenzake ile chai chungu ya kufyonza kwa mrija, kikombe kimoja mkono kwa mkono.

Waliompenda ni watoto. Mmoja wao ni Ciro, wa miaka sita, ambaye nyumbani aliongea kama chiriku, lakini akivuka kizingiti tu, kimya. Siku ya kisa hiki ilikuwa nafasi yake ya mwisho. Asiposema neno mbele ya timu, yaani wanafunzi wale na mkuu wao, anatolewa shuleni kwao na kupelekwa mbali, shule ya watoto wasiosema.

Utaratibu ulikuwa hivi: Zulema anacheza na mtoto chumbani, timu inakaa gizani nyuma ya kioo, inaona isionekane, sauti zinaifikia kwa kipaza sauti. Na Daktari Sarlenga, mkuu wa mafunzo, alikuwa na kanuni yake: kisichosikiwa na timu hakikutokea.

Ciro akapindua kitanda cha mwanasesere, akamlaza ng'ombe wa plastiki juu yake, akainama kupuliza chini.

Huko gizani vita vikaanza.

"Ng'ombe ni mama yake! Anamzika!"

"Mama gani? Ni baba, huoni pembe?"

"Jamani, ng'ombe ni sisi!"

Ebo! Watu wanaokula nyama choma kila Jumapili tangu waote meno, asipatikane hata mmoja wa kuitambua! Katika kuzozana, mmoja akaipiga teke chupa ya maji ya moto ya ile chai, yakammwagikia Daktari mguuni. Daktari akapiga yowe, mtu akawasha taa.

Lo! Taa ikiwaka upande ule, kioo si kioo tena, ni dirisha. Ciro akainua kichwa, akaona kundi la watu wazima: mkuu wao anaruka kwa mguu mmoja, wengine wananyoosheana vidole, mmoja anafyonza mrija wake kana kwamba hayamhusu. Mtoto akasogea hadi kiooni, akawatazama mmoja mmoja. Kisha akamgeukia Zulema.

"Dada, hawa wanaumwa nini?"

Zulema alitaka kumkumbatia. Akatazama kule: bado wanabwatukiana. Hakuna aliyesikia.

Daktari akaingia akichechemea, kiatu mkononi. "Basi, binti. Tumejitahidi. Mtoto hajasema."

"Amesema."

"Timu haikusikia."

"Timu ilikuwa inapiga kelele!" Zulema aliisikia sauti yake, akaiogopa, lakini ilikwisha kutoka. "Mwaka mzima mnamjadili, siku anafungua kinywa nyie mnagombea ng'ombe! Ameuliza mnaumwa nini! Na hiyo ni nyama choma, Daktari! Nyama choma tu!"

Wenzake wakajazana mlangoni. Daktari akamwinamia mtoto. "Kweli, mwanangu? Umeuliza hivyo?"

Ciro akafumba mdomo. Akatazama sakafu. Zulema akaona yote yameharibika, shule ya mtoto na marafiki zake wamekwenda, machozi yakamlenga. Mtoto akarudi kwenye kile kitanda, akamgeuza ng'ombe upande wa pili asije akaungua.

"Ndiyo," akasema. "Na hamjanijibu."

Habari ya kumhamisha shule haikutajwa tena. Daktari Sarlenga akavuta kiti kidogo, akaketi magoti yakimfika kidevuni, akaweka kiatu chini, akaanza kumjibu.