Macho Mekundu ya Dereva

Jumanne ya kwanza ya mwezi wa nne nilikuwa nyumbani, Mweso, nikichambua maharagwe, redio ikiwa dirishani. Mtangazaji akasema: "Lori limeziba barabara ya Kitshanga kwa sababu dereva alikuwa amelewa." Sinia lilinitoka mikononi. Maneno hayo yalikuwa yangu.

Redio yetu haina mwandishi wa kuzunguka barabarani. Kila asubuhi hutupigia simu sisi walimu na kutuuliza tumeona nini. Siku hiyo nilieleza kwamba lori la viazi lilikuwa limelala kwenye matope, na dereva ameketi kando, macho mekundu, akicheka peke yake. Kisha nikaongeza, bila kuulizwa, kwamba alikuwa amelewa. Mimi, ambaye kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi kutenganisha walichokiona na walichokidhani!

Siku ya tatu mke wa dereva alibisha hodi. Mwenye lori alikuwa amemfukuza mumewe kazi. Nilimpa kiti, akakikataa.

"Mama mwalimu, uliona chupa?"

"Hapana."

"Ulisikia harufu ya pombe?"

"Sikufika karibu."

"Sasa uliona nini?"

"Macho mekundu. Na alikuwa anacheka."

"Alichimba ile matope na mikono, siku muzima! Alicheka juu ya kubaki muzima. Angalia macho yangu, mama, nayo mekundu. Ni moshi ya kuni. Miye pia nimelewa? Tangaza basi!"

Alipoondoka nilimpigia mtangazaji, nikamwomba asahihishe habari ile.

"Ile habari ilishapita, mama," alisema akicheka. "Utupatie ya leo."

Ningeweza kuandika barua siku ileile. Aibu ilinichelewesha wiki tatu, kwa kuwa nilijua darasa langu lote lingesikia. Hatimaye nilituma barua moja kwa redio, na nakala yake kwa mwenye lori:

"Mimi ndiye niliyesema kwamba dereva alikuwa amelewa. Niliona lori kwenye matope, macho mekundu, na mtu akicheka. Sikuona chupa, sikusikia harufu, sikumwuliza lolote. Ulevi niliudhani mwenyewe. Naomba barua hii isomwe saa ya habari, na jina langu litajwe. Papa mwenye lori, mke wa dereva ameniambia kwamba alichimba kwa mikono kutwa nzima; hilo sikuliona, mwulize dereva mwenyewe. Ikiwa una sababu nyingine ya kumfukuza, mwambie. Ile niliyokupa mimi haipo."