Nyumba ya Mama Ngojea Iliyomngoja Mgeni Rasmi

Simu ya Zuhura ilinikuta Tanga, nikiwa juu ya paa la mtu nafunga tangi la maji. Zuhura ni mtoto wa marehemu dada yangu, na kwetu Wamwera mtoto wa dada ni wa mjomba kabla hajawa wa mtu mwingine yeyote. Mjomba mwenyewe nimehama miji sita ndani ya miaka ishirini, na muda wote huo nimekuwa mjomba wa kwenye simu. Safari hii hakuomba nimtumie kitu. Alisema mimba imepita miezi minane, kovu la upasuaji linamvuta, na waganga wamemkataza kuzalia shamba. Mtoto wake wa kwanza alimfia tumboni wakati wanambeba kwa kitanda cha kamba kumleta barabarani. Yeye akapona kwa kisu.

"Nimekuja kukaa hapa kituo cha afya, mjomba, lakini nyumba yetu imefungwa. Tunalala barazani. Njoo uongee nao, wewe unajua kuongea na watu wa ofisi."

Sijui hilo la kujua watu wa ofisi alilitoa wapi. Nilimaliza kidato cha nne, na tangu hapo ofisini nimekaa upande ule mmoja tu wa meza. Hata hivyo nilishuka kwenye paa, nikafunga begi.

Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi, basi la Lindi liliondoka Dar es Salaam. Kufika saa tatu tulikuwa tumeshavuka daraja la Rufiji, dakika chache tu, abiria wengine hawakuinua hata macho kwenye simu zao. Nilipoondoka kwetu kijana, pale tulilala siku mbili topeni tukingoja pantoni. Wanawake walipika kando ya magari, madereva walicheza bao, na tulipovuka tulikuwa tunajuana majina. Nilijikuta nalikumbuka tope lile kwa mapenzi, jambo ambalo ni upuuzi, kwa sababu ni tope hilohilo lililomchelewesha marehemu dada hospitali.

Kuanzia Tingi nilianza kusoma mabango. Karibu kila zahanati ina bango lake: kwa msaada wa watu wa nchi fulani, mradi wa kuboresha huduma za mama na mtoto. Pengine mradi ulikwisha na wa pili ukaja, basi bango la pili limesimikwa mbele ya la kwanza, na la tatu limeegemezwa ukutani likingoja saruji. Abiria jirani yangu, mkulima wa korosho wa Kiranjeranje, aliniambia bango lao ni zuri kuliko zahanati. Alisema bila kucheka.

Saa nane mchana nilishuka. Kijiji sitakitaja, maana nitawasema watu ambao walinipa chakula. Kituo cha afya kiko nyuma ya msikiti, na pembeni yake imejengwa nyumba mpya ya mama ngojea, mahali ambapo wajawazito wa mashambani wanatakiwa wakae hadi siku zao zifike. Ina bati la bluu na nyavu madirishani. Mlangoni palifungwa utepe mwekundu, umepauka kwa jua hadi kuwa rangi ya njugu. Nilichungulia dirishani. Vitanda vinane, magodoro yamo bado ndani ya nailoni.

Barazani, upande wa nje wa ukuta uleule, walikuwa wajawazito watatu juu ya mikeka. Zuhura alijaribu kuinuka.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Kaa, usiamke."

Mafiga waliyapanga chini ya jiwe la uzinduzi lililofunikwa kijipazia, na moshi ulikuwa umelifanya pazia jeusi. Mpishi wao alikuwa Bi Somoe, mdogo wake mama yangu, mwanamke mfupi asiyekaa kimya. Alinitazama kuanzia viatu kwenda juu, akasema afadhali nimekuja, ameshasahau kama nina meno au sina.

Jioni nilikwenda kumwona mganga mfawidhi, Daktari Komba, Mngoni wa Songea, mwaka wa nne pale. Sikumkuta na kiburi nilichokuwa nimejiandaa kupambana nacho. Nilimkuta kazungukwa na madaftari. Alinieleza kuwa mageuzi ya afya ni mazuri sana isipokuwa kila mfadhili ana daftari lake. "Mama mmoja akijifungua hapa," alisema, "kwenye vitabu vyangu anazaa mara sita."

Nikamuuliza kuhusu nyumba. Akaonyesha kwa kalamu ufunguo uliotundikwa msumarini juu ya meza, umefungwa kwa kipande cha bendeji. Nyumba imekamilika tangu kabla ya Ramadhani. Haijazinduliwa. Ofisi ya mradi iliyoko Masoko, makao makuu ya wilaya, imeagiza isiguswe mpaka mgeni rasmi, mwakilishi wa wafadhili, aje akate utepe. Komba ameshaandika barua mbili za kuomba ruhusa, na majibu ni kwamba suala linashughulikiwa.

Jumatano nilikwenda Masoko, nimevaa shati langu la Idi. Nilikaa kwenye benchi muda wa saa tatu. Ofisa wa mradi alikuwa kijana mwenye adabu kupita kiasi, akaniita mzee wangu, akaagiza nipewe soda. Nilimweleza habari ya kovu. Alisikitika kwa dhati, nilimwona. Kisha akasema, "Mzee wangu, hawa wenzetu wametoka mbali wakatujengea. Wakute magodoro yamelaliwa, sufuria ndani, nyavu zimetoboka? Tuwape japo heshima ya kufungua wenyewe." Tarehe bado haijathibitishwa. Huenda wiki ijayo, huenda mwezi ujao. Nikamwambia mtoto hangoji tarehe. Akasema analielewa hilo kabisa, akaniandikia namba ya kupiga ili kufuatilia. Nilishukuru. Nilikuwa nimeshafika stendi ndipo nikajiuliza nilishukuru kitu gani.

Ijumaa, tangu alfajiri, mvua ya masika ilinyesha kwa kulala, ikawa inaingia barazani. Wanawake walirudi nyuma hadi migongo ikagusa ukuta, kisha maji yakawafuata hapohapo, wakaanza kusema afadhali warudi shamba. Watu walipotoka msikitini, Bi Somoe alifunika chungu, akajifunga khanga kiunoni na kwenda moja kwa moja ofisini kwa Komba. Nilimfuata nikidhani anakwenda kuomba. Hakuomba. Mmwera na Mngoni ni watani, na mtani anaweza kukutukana msibani kwako, akachukua kitu chako mbele ya macho yako, nawe ukikasirika wewe ndiye umevunja heshima.

"Mngoni," alisema, "babu zako walipokuja kuchukua bibi zetu, nani aliwafungulia mlango?"

"Hakuna, mtani. Walivunja."

"Walingoja mgeni rasmi?"

Komba alianza kucheka, akajizuia. "Mtani, mimi nina barua ya ofisi hapa."

"Barua yako mimi siijui kusoma. Bibi zetu mliwabeba na unga wao, na mpaka leo hamjalipa. Leo nachukua chuma kimoja tu."

Alinyoosha mkono juu ya kichwa cha daktari, akafika msumarini kwa kusimama kwenye vidole. Komba alikuwa ameinama, anaandika daftarini, na aliendelea kuandika muda mrefu kuliko jambo lolote linalohitaji kuandikwa. Bi Somoe alipokuwa mlangoni, akasema bila kuinua kichwa, "Magodoro msitoe nailoni." Kisha, baada ya kitambo: "Basi toeni. Nailoni ina joto."

Utepe Bi Somoe hakuukata. Aliufungua fundo, akaukunja, akautumia kufungia chandarua cha Zuhura.

Jumamosi ofisi ya mradi ilikuwa imeshasikia, sijui kwa njia gani, maana barua zetu zilikuwa zinachelewa kufika. Komba alitakiwa ajieleze kwa maandishi. Aliandika kwamba ufunguo ulichukuliwa na mtani. Wakampigia simu kumwambia utani si sababu ya kiofisi. Aliniambia akiwa anacheka, lakini mkono wake ulikuwa unakigeuzageuza kifuniko cha kalamu, na nilijua ana watoto wawili wanaosoma Songea.

Jumapili, baada ya sala ya alfajiri, uchungu ulimshika Zuhura. Kutoka kitandani hadi gari la wagonjwa ni hatua arobaini, nimezihesabu. Komba alipanda naye, nami nikakaa mbele na dereva. Hospitalini walimpeleka moja kwa moja kwenye kisu, na saa moja na nusu asubuhi nikaitwa kumwona mtoto wa kiume, kakunja uso kama mtu aliyeamshwa kwa makelele. Daktari aliyempasua alitoka akanifumbua macho kwa maneno machache: kovu lilikuwa limeanza kuachia, na nusu saa zaidi tusingekuwa na la kuongea.

Jumatano iliyofuata mgeni rasmi alikuja, bila kuthibitisha sana. Tangu asubuhi watu wa mradi walifunga turubai, wakapanga viti, wakaleta keki na utepe mpya. Wale wajawazito wawili waliobaki waliombwa, kwa upole mwingi, watoke na vitu vyao kwa muda mfupi ili nyumba ifunguliwe. Walitoka. Mmoja alikuwa hata viatu vinamkataa kwa uvimbe. Bi Somoe alitoka wa mwisho, sufuria kichwani, akakaa kizingitini.

Mgeni alikuwa mama wa Kizungu wa makamo, viatu vya vumbi, Kiswahili cha darasani kilichonyooka. Alimsalimia Bi Somoe shikamoo, jambo lililowapendeza wengi. Kisha akauliza hawa akina mama wanakaa wapi.

"Watakaa humu, mama," alisema yule ofisa kijana. "Baada ya uzinduzi."

"Lakini funguo tulikabidhi mwaka jana."

"Ndiyo, mama. Tulikuwa tunakusubiri wewe."

"Nani aliwaambia mnisubiri?"

Niliwatazama wote waliokuwa chini ya turubai. Mwenyekiti wa kijiji alitazama keki. Komba alitazama juu, kwenye bati.

"Ni kwa heshima, mama," alisema kijana, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesema ukweli.

Yule mama uso ulimwiva, akatazama mkasi uliolazwa kwenye sinia la maua, akatazama mpiga picha. Kisha akauchukua mkasi, akakata. Tukapiga makofi. Nami nilipiga.

Alhamisi nilipanda basi la kurudi. Nilipitia hospitali, nikambeba kidogo mjukuu wangu yule, nikamwachia Zuhura khanga, nikamwahidi kuja tena, naye akaitikia kama mtu aliyezoea. Komba nilimuaga akiwa anajibu barua ya tatu. Ufunguo alikuwa hajaudai kwa Bi Somoe, na kwa desturi hawezi kuudai, kwa hiyo akina mama wamerudi ndani, nyumba inalala wazi, na ofisi bado inataka ufunguo urudi msumarini.

Njia nzima hadi Rufiji nilikuwa na hasira, natafuta mtu wa kumpa. Mzungu alileta vitanda na hakuomba utepe. Kijana wa ofisi alikuwa anamheshimu mgeni kama tulivyofundishwa sote. Komba aliandika barua zake. Mimi nilivaa shati safi, nikaeleza vizuri, nikashukuru. Nilichojifunza kule kwetu ni hiki, na sikifurahii: Zuhura angeweza kufa pale barazani, na mazikoni tungekaa wote kwenye mkeka mmoja, na ungetuuliza mmoja mmoja, usingempata mwenye kosa.