Kidole cha Tata Amoit

Haya yalinipata mimi mwenyewe, jua likiwa utosini, mbele ya ofisi ya chifu, siku ya soko. Nalisema hilo mapema kwa sababu visa vya namna hii watu hupenda viwe vya usiku, ili msimulizi apate kisingizio kwamba hakuona vizuri. Mimi niliona vizuri. Ni katekista, nimewafundisha watoto wa Malaba amri ya nane, ile inayokataza kumshuhudia jirani uongo, tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi. Leo nina figo ya mtu mwingine tumboni. Nikudanganye ili nipate nini?

Ugonjwa wangu ulianza kwa aibu. Nilikuwa nasimama chooni muda mrefu na mkojo hautoki, nikajiambia ni uzee, nikanyamaza. Kumbe tezi dume ilikuwa imevimba na kuziba njia, mkojo ukawa unarudi nyuma na kuziharibu figo kidogo kidogo. Daktari hakunificha. "Mzee," alisema, "ungekuja mapema tungekuwa tunaongea mengine." Waliizibua njia, wakanivalisha mpira wa mkojo kwa majuma kadhaa, wakapima kama kibofu bado kina nguvu. Kibofu kilikuwa kizima, lakini figo zilikuwa zimekwisha.

Basi nikawa mtu wa mashine. Mara mbili kwa juma nilikwenda Busia kusafishwa damu. Mkononi waliniunganishia mishipa miwili ili sindano zipate njia pana, na pale palipounganishwa damu hunguruma usiku na mchana kama nyuki ndani ya mzinga. Muungano wa kwanza uliziba, wakatengeneza mwingine. Huo wa pili nao ukaanza kuwa mwembamba.

Lakini kilichonitesa zaidi ni kiu. Mtu asiyekojoa hawezi kunywa apendavyo, maji hujaa mapafuni. Mke wangu, Mama Rose, alinipimia maji ya siku nzima katika chupa ya nusu lita, akaifunga uzi mwekundu shingoni ili wajukuu wasiiguse. Nusu lita, kutoka asubuhi hadi kulala, katika joto la huku kwetu. Niamini, niliota visima.

Ndugu yangu mdogo, Etyang, anaishi ng'ambo, upande wa Uganda. Aliposikia alikuja na nguo zake kwenye mfuko, akasema, "Kaka, mimi ninazo mbili. Chagua." Damu ikapimwa, ikakubaliana. Nikamshukuru Mungu mapema mno, kwa sababu ndipo kamati ya hospitali ilipotuuliza swali moja: mtathibitishaje kwamba ninyi ni ndugu?

Kamati haikuwa na ubaya. Wako watu wanaonunua figo za maskini, na mpaka wetu una vichochoro vingi. Nasi tulionekanaje? Kitambulisho cha Kenya na cha Uganda, na majina ambayo hayafanani hata herufi. Sisi Wateso hatuna jina moja la nyumba. Mtoto akizaliwa, mama mtu mzima huchovya kidole katika pombe ya wimbi, akakitia mdomoni mwa mtoto huku akitaja majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine. Jina ambalo mtoto ananyonya likitajwa, ndilo lake. Mimi nilinyonya kwa jina la babu, Etyang akanyonya kwa jina la mtu mwingine. Baba akafa. Mama akaolewa ng'ambo na kwenda na mdogo wangu, aliyekuja kuandikishwa kwa jina la baba wa kambo, nami nikabaki kusoma misheni. Karatasi zetu zilisema sisi ni wageni wawili.

Na mimi, bila kuficha, kwa miaka mingi nilikuwa nakwenda nyumba hadi nyumba nikiwakemea akina mama wazee waache mambo ya kidole na pombe. Leteni mtoto abatizwe, niliwaambia, kadi ya ubatizo inatosha. Haya, kadi yangu ya ubatizo niliitoa mbele ya kamati. Ina jina la mtakatifu na la msimamizi wangu. La ndugu yangu halimo.

Wakatupatia fomu. Chifu apige muhuri, na asaini mtu asiye wa familia aliyeshuhudia tukizaliwa au tukipewa majina nyumba moja. Kamati ilikuwa inakaa Jumatatu. Ikipita hiyo tungengoja miezi, na mshipa wangu usingengoja.

Alhamisi, saa sita, tulikuwa kwa chifu.

"Katekista, mimi nawajua," chifu alisema. "Lakini fomu inataka shahidi. Leteni mtu."

"Wote wako makaburini."

"Sasa nitafanya aje? Niwafufue?"

Tukatoka, tukakaa kwenye benchi la nje. Ndipo nikaona mama mzee amekaa mwisho wa benchi. Sikumwona akija. Amevaa gauni la gomesi la kahawia, mrefu, hana viatu. Siku ya soko vumbi letu jekundu hupanda hadi magotini, lakini nyayo zake zilikuwa safi kama za mtu aliyetoka kuoga. Hilo nililiona, nikalipuuza.

"Yoga, katekista," alinisalimu.

"Yoga, Tata," nikaitikia, maana kwetu bibi yeyote ni Tata.

"Nipe maji."

Nikaitazama chupa yangu. Ilikuwa imejaa hadi kwenye uzi. Nilikuwa nimejizuia tangu asubuhi ili nifaidi mchana. Etyang akaingilia. "Kaka, usimpe, hiyo ndiyo ya siku nzima. Tata, nitakununulia soda."

"Nani ameomba soda?" mama akamgeukia. "Mvi zote hizo na bado unafikiri mtu akiwa na kiu anataka utamu?"

Etyang akacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa napigana na ulimi wangu mkavu. Kisha nikampa. Sikuwa na utakatifu wowote wakati ule, nilikuwa nimekata tamaa tu, na mtu aliyekata tamaa hutoa upesi. Akainywa yote mbele yetu, tukiona koo likipanda na kushuka, akanirudishia chupa tupu. Halafu akaweka mkono wake juu ya mshipa wangu.

Ule mngurumo ukanyamaza.

Unajua maana yake? Mshipa ukinyamaza, umekufa, na mwenyewe yuko njiani. Nilitaka kupiga kelele, lakini ilikuwa pumzi moja tu. Alipoinua mkono, nyuki wakarudi.

"Wewe si ndiye uliyetukataza kidole?" aliniuliza, na sikuona hasira usoni pake, alikuwa kama mtu anayemtania mjukuu. "Haya, nyanyuka. Twende nikuambie ulinyonya kwa jina lipi."

Akatutangulia ofisini. Alimwambia chifu kwamba yeye ni Amoit wa Moding, nyuma ya ghala la zamani la pamba, na kwamba sisi wawili ni wa tumbo moja kwa sababu yeye ndiye aliyetutia kidole. Akataja majina yote tuliyoyakataa kabla ya kunyonya, yangu kwanza, kisha ya Etyang. Chifu akaandika, akasogeza kidau cha wino.

"Kidole gumba, Mama."

"Hicho hakikufanya kazi," akasema. "Ni hiki." Akachovya kidole cha shahada, akakibonyeza kwenye karatasi. Chifu akashusha pumzi, akapiga muhuri.

Nikamwambia, "Tata, nikipona nitakuja nyumbani kukushukuru."

"Si ukipona. Uje kabla hujakwenda kwa hao madaktari."

Akatoka. Etyang akamfuata mbio amtafutie bodaboda, akarudi anakuna kichwa. Vijana wa bodaboda walikuwa mlangoni pale pale. "Boss, hakuna mama ametoka hapa," walimwambia. "Tungemwachaje na hatuna abiria?"

Jioni nyumbani, Mama Rose alichukua chupa kutoka kwenye mfuko wangu. "Baba Rose, leo hujanywa hata tone? Unataka kufa?" Chupa ilikuwa imejaa hadi kwenye uzi. Etyang aliketi polepole. Mimi niliitazama nikagundua jambo la ajabu kuliko hilo: sikuwa na kiu. Kiu ilikuwa imeondoka kama mgeni aliyeaga.

Ijumaa nikawa kwenye mashine. Jumamosi mwili ulikuwa kama kitambaa kilichokamuliwa. "Kaka, pumzika," Etyang alinisihi. "Muhuri tunao. Asante itangoja." Nikasema hapana. Nilikuwa nimeahidi, na mtu aliyepata msamaha wa Mungu kama mimi hana haki ya kuchelewesha shukrani. Tukaenda Moding. Kutoka barabarani nilitembea nikimshika bega, nikipumzika kila baada ya hatua ishirini, lakini nilifika.

Nyuma ya ghala la pamba tulimkuta mama mzee kutushinda sisi anaanika wimbi.

"Tunamtafuta Tata Amoit," nikasema. "Tumekuja kumshukuru."

Akatucheka. Kisha akaona hatucheki. "Amoit ni mama mkwe wangu," akasema. "Amelala pale, chini ya yale mawe, tangu ninyi mkiwa vijana."

Nikamweleza gomesi, urefu, sauti. Akawa anaitikia kwa kichwa, mikono imeacha wimbi. "Na kidole?" akauliza. "Kisu cha kuvunia kilimkata hapa, kidole cha shahada, kikaacha alama iliyopita katikati." Etyang akaitoa fomu kwenye bahasha. Katikati ya ile alama ya wino kulikuwa na mstari mweupe, kutoka upande hadi upande.

Kuku walikula wimbi na hakuna aliyewafukuza.

Etyang ndiye aliyeanza, kwa kunong'ona. "Kaka, tunyamaze. Aliyosema ni kweli, na muhuri upo. Jumatatu tunakwenda."

Unafikiri sikutaka? Karatasi ile ilikuwa uhai wangu. Lakini ningesimamaje mbele ya kamati na kuapa kwamba shahidi wangu yu hai? Nikamwambia mdogo wangu kwamba sitaingia chumba cha upasuaji nikiwa nimeivunja amri niliyowafundisha watoto wa watu. Alilia. Mimi pia. Yule mama akatuuliza tunalilia nini, nasi tukamweleza yote, fomu na shahidi na Jumatatu.

"Mama yenu aliitwa nani?"

Nikamtajia. Akanikazia macho, kisha akapiga makofi. "Wewe ndiwe yule mtoto! Nilikuwa nimeolewa mwezi ule ule. Huyu mdogo akatiwa kidole, nawe ukalia nyumba nzima ikakusikia, unataka na wewe utiwe tena. Mimi ndiye niliyeshika kibuyu. Wewe ulinivuta nguo pombe ikamwagika, mama mkwe akanitukana mimi!"

Shahidi hai. Asiye wa familia. Nyumba moja, akili timamu, mwenye kitambulisho. Tungepumzika siku ile, tusingemjua kamwe. Sasa unaelewa kwa nini niliambiwa nije kabla?

Jioni ile ile tulimpeleka nyumbani kwa chifu na fomu mpya. Chifu alisoma hii na ile, akatazama alama mbili za vidole, nami nikamweleza ni nani amelala chini ya yale mawe. Alipiga muhuri, akasema tu, "Hii ya kwanza niichome?"

"Nipe mimi," nikasema. Iko ndani ya Biblia yangu hadi leo.

Kamati ilisoma fomu mpya, ikatuhoji kila mmoja peke yake, ikakubali. Wakaitoa figo ya Etyang, wakaiunganisha kwangu na kwenye kibofu changu kilichokaa bila kazi. Nilipoamka, muuguzi alikuwa ameinama kando ya kitanda anatazama mfuko wa mkojo. "Mzee!" alisema. "Mzee, unakojoa!" Nikaanza kuimba Utukufu kwa Mungu, sauti ikikwaruza, na kutoka kitanda cha pili nikasikia, "Kaka, usijisifu, hiyo ni yangu inafanya kazi." Saa hiyo hiyo kiu ikarudi. Wakanipa maji nikanywa bila kupimiwa, machozi yakinidondoka ndani ya kikombe.

Sasa nameza dawa asubuhi na jioni kwa saa ile ile, hata siku za mfungo. Padri alikubali na daktari aliamuru. Mtoto akitiwa kidole kijijini mimi hualikwa, sikemei tena. Hukaa nyuma na daftari, naandika nani ametia kidole na nani ameshika kibuyu. Mshipa mkononi haukufungwa, bado unanguruma. Ila kila Alhamisi, saa sita mchana, hunyamaza kwa pumzi moja. Daktari amesikiliza siku nyingine hakuona kitu. Nami hubaki nimesimama mpaka urudi.

Kwa hiyo wewe mwanaume mwenzangu unayesimama chooni muda mrefu, acha aibu, nenda hospitali kesho. Na mzee usiyemjua akikuomba maji, mpe hata kama ndiyo ya mwisho. Kisha muulize kwao ni wapi, uende kumshukuru kabla hujapona.