Wiki Moja Kisiwani, na Yule Mama Mwingine

Mimi sikutaka kwenda. Naanza na hilo, kwa sababu watu wa Timau wanapenda kusema mzee fulani alipata pesa akaanza kuzurura. Sikuzurura. Binti yetu, muuguzi huko ng'ambo, ndiye alitupangia wiki moja kwenye hoteli ya ufukweni, kisiwa kimoja cha Karibiani. Alilipa kila kitu, kisha akanipigia simu.

"Baba, daktari alisema mama asibebe kitu kizito. Wewe umemrudisha kwa ng'ombe kabla mwezi haujaisha. Mkitoka huko nisikie amebeba ndoo tena, namchukua akae na mimi. Utabaki na ng'ombe zako."

Nilimkatia simu. Shule niliacha darasa la tatu, nikasukuma mkokoteni wa viazi mpaka viganja vikawa kama kwato, na leo nina shamba langu na ng'ombe tisa wa maziwa. Mke wangu ameamka saa kumi alfajiri miaka arobaini na sijamsikia akilalamika. Moyo ulipomsumbua nilimpeleka hospitali, akatibiwa, akapona. Kwetu mtu akipona anarudi kazini. Ndivyo nilivyojua.

Ile hoteli sikuipenda tangu mlangoni. Walitufunga mkanda wa plastiki mkononi, sawa na ule mke wangu alifungwa wodini. Kufika chumbani, kitanda kimemwagiwa maua mekundu kutoka upande wa kichwa mpaka miguuni. Nikasimama pale pale. Mimi maua mengi namna hiyo nimeyaona juu ya jeneza tu. Nikayakumba kwa mikono miwili, nikayatupa kwenye pipa.

"Mzee, hayo ni ya kutukaribisha," mke wangu akasema.

"Kutukaribisha wapi?"

Alicheka hadi akakaa chini.

Asubuhi tukashuka ufukweni. Watu walikuwa wamelala kwa mistari, weusi kwa weupe, chali, macho yamefungwa, kila mmoja juu ya kitanda chenye taulo jeupe. Mtoto hakuna, hoteli ilikuwa ya watu wazima peke yao. Hakuna aliyekohoa. Mke wangu akatafuta kitanda chake kwenye ule mstari, akajinyoosha, akafunga macho kama wao. Alilala upesi sana. Nilimwinamia mara mbili kusikia kama anapumua.

Mimi kulala mchana siwezi. Nyumbani nazunguka mipaka ya shamba kila asubuhi, kwa hivyo huko nikawa nazunguka ufuo.

Siku ya tatu nikirudi, nilimkuta mhudumu, mama wa makamo, ameshika sinia lenye glasi tatu za juisi. Moja akaiweka kwangu, moja kwa mke wangu, ya tatu kwenye meza ya kitanda kilichofuata, ambacho hakikuwa na mtu. Kiingereza changu ni cha sokoni, lakini tulielewana.

"Hiyo ni ya nani?"

"Ya yule mama mwingine. Ni dada yake, sivyo? Wamekaa wakiongea asubuhi yote."

"Sisi tuko wawili."

Akanitazama vile watu hutazama mzee anayeanza kusahau. "Dada yake," akarudia polepole. "Mfupi. Na ana hii, kama ya bibi yako." Akapitisha kidole kwenye paji la uso, kutoka upande huu hadi upande ule.

Wanawake wa rika la mke wangu walibeba kuni mgongoni kwa mkanda wa ngozi unaopita kwenye paji. Ukibeba miaka mingi, mkanda unachimba mfereji kichwani na haufutiki tena. Mke wangu anao. Pale ufukweni nani mwingine angekuwa nao? Dada yake mkubwa alikuwa nao, wa kina zaidi, na huyo tulimzika kwao Muthara. Koleo nilishika mimi mwenyewe. Alianguka njiani akitoka msituni na mzigo mgongoni. Moyo. Walipompata, mkanda ulikuwa bado kichwani.

Nikageuka. Kitanda cha mke wangu kilikuwa kitupu. Taulo la kile kitanda kingine lilikuwa limebonyea katikati, kama mtu ameinuka sasa hivi.

Nikamwona baharini. Alikuwa chali juu ya maji, mikono ameitandaza, na maji yanampeleka. Mke wangu hajui kuogelea. Hajawahi kuingia maji yanayopita magoti.

Niliingia na viatu na kofia. Maji yakafika kifuani. "Mama watoto! Mama watoto!"

Akafungua macho taratibu. "Usipige kelele, mzee. Watu wamelala."

"Nani amekufunza kuelea?"

"Dada." Alisema kama mtu anayekwambia chumvi ameinunua wapi. "Anasema ukiuachilia mwili, maji yanaubeba yenyewe. Anasema tangu siku ile hajabeba kitu."

"Anataka nini?"

"Ameniuliza kama nimechoka. Nikamwambia ndiyo. Akaniambia, basi usirudi."

Maji yakamvuta mbele kidogo. Nikamshika kifundo cha mkono, viatu vyangu vikitafuta mchanga. Mimi sijawahi kubembeleza mtu, hata mzazi wangu.

"Rudi na mimi," nikasema.

"Kwa ng'ombe?"

"Ng'ombe nitakamua mimi."

"Wewe? Wewe ambaye hata chai inakushinda?"

"Nauza sita. Watatu nitakamua mwenyewe. Ndoo hutashika, kuni hutabeba. Hata kijiti."

"Unaniambia mimi ya nini? Mimi nimezoea maneno yako. Mwambie yeye."

Akaelekeza midomo kule mbele. Hapakuwa na kitu, ni maji tu na jua la saa tano. Nyuma yetu wale wa kwenye mistari hakuna aliyeinua kichwa.

Nikavua kofia. Nikasema kwa Kimeru, kwa sauti, macho chini, jinsi mtu anavyozungumza na mkubwa wa ukweni. Nilianza na salamu. Nikasema ni mimi nilimrudisha mdogo wake kazini, hakuna mwingine wa kulaumiwa. Nikataja ng'ombe nitakaouza, mmoja mmoja, kwa rangi zao. Nikasema namwomba aniachie mtu wangu, na nikidanganya aje anichukue mimi.

Mke wangu akainamisha sikio, kama mtu anayesikiliza nyumba ya pili kupitia ukutani. Nikahisi maji ya baridi yakipita katikati ya miguu yangu, baridi ya mto wa kwetu unaotoka mlimani, kisha yakawa vuguvugu tena.

"Amesema nini?"

"Amesema umenenepa." Akateremsha miguu, akanishika bega. "Tutoke. Amesema atakuwa anaangalia."