Pazia Langu Limo Tumboni mwa Samaki wa Mti

Jamani, mume wangu kanifumulia pazia la sebuleni!

Leo mavyaa wangu, mamake, kaja kututazama, kaketi dirishani. Upepo ukavuma, pazia likamfunika uso, kahawa i mkononi.

Kuangalia upindo, vile vipande vya risasi nilivyovishona kulitia uzito havipo.

Nikamkuta mume uani na beseni langu. Kachonga samaki wa mti, chambo cha kunasia kolekole baharini, kamtoboa tumbo, kamtia risasi zangu.

"Alikuwa akilala ubavu, mke wangu. Hebu mtazame sasa."

Wallahi kakaa sawa majini, mgongo juu, kama yu hai. Hasira zikaniishia.

Mavyaa nyuma yangu: "Mkia bado waelea, mwanangu. Pazia la chumbani nalo lina risasi?"

Mkasi nimeuleta mwenyewe.

Enyi mlioolewa na wavuvi, mapazia yenu yangalipo?