Dume la Kuja

Maisha yote mtunza mamba alitaka jambo moja: kurudisha mtoni mamba wa pua nyembamba, waliomalizwa na wauza ngozi. Jozi ya mwisho ilikuwa bwawani mwake. Alipolazwa hospitali, shemeji yake, meneja wa shamba, akamwingizia jike yule dume mgeni wa aina nyingine. Sasa vipimo vya damu vilikuwa vimetoka: vitoto vyote ni chotara, marufuku kuachiwa mtoni.

"Shemeji, mamba ni mamba," meneja alicheka. "Hawa wanakua upesi."

"Dada yako angenizalia mtoto wa jirani, ungesema mtoto ni mtoto?"

"Ah! Usinitukanie dada!"

"Na wewe usinichafulie ukoo uliokuwepo kabla ya binadamu!"

Mtunza mamba alitoka. Akamvuta dume yule kwa nyama hadi bwawa la pili, akachanganya saruji na kuanza kuziba mlango wa ua wake kwa matofali.

"Nani amekuruhusu?" meneja alifoka akiwa ndani ya ua, alikoingia kumtazama dume wake.

"Jike atataga tena mwakani, kwa dume wake mwenyewe. Toka huko, ama nikuzibie humo ukae na shemeji yako mpya."