Nilimtafsiria mama mdogo series ya Kijapani kwa uongo, ikafika episode ya saba

Wakuu, nawasalimu. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, sijatia chumvi, na aibu yote ni yangu.

Swali lililoninyima usingizi wiki iliyopita lilikuwa hili: kesho wale vijana wa kwenye series wakishikana mikono, nitawaambia watu nini?

Nimemaliza chuo, ajira bado. Naishi Magomeni kwa mama mdogo na namsaidia dukani kwake Kariakoo, anauza vitenge. Mimi ni yule mtu akijibiwa "sawa" kwenye simu anawaza siku nzima amekosea wapi.

Starehe yangu ni series za Kijapani za BL. Mvulana wa shule anampenda mvulana mwenzake, na inamchukua episode saba kulitamka hilo. Hakuna uchafu humo. Ni aibu, miavuli na kupenda kwa mara ya kwanza.

Jumatatu kifurushi cha king'amuzi kikaisha. Mama mdogo akaiona flash yangu kwenye kaunta, akaichomeka kwenye TV ya dukani. Natoka stoo, namkuta ameshakaa na Mama Salma wa duka la jirani.

"Msomi, hebu tusomee hayo maandishi ya Kiingereza hapo chini, yanakimbia."

Mdomo ukanitangulia. "Hawa ni ndugu, mama. Walitenganishwa utotoni, hawajuani."

Mnawajua wale DJ wa kutafsiri movie wanavyojipangia story? Ndiyo nikawa mimi, kila mchana. Mmoja akimfunika mwenzake mwavuli, nasema, "Damu zinavutana hizo." Mama Salma akauliza mama yao yuko wapi. Nikamtunga na mama, mgonjwa, anawatafuta. Mama Salma akalia kabisa.

Sasa episode ya saba, ya Alhamisi, ndiyo ya kutamkiana mapenzi. Mama mdogo akijua, si atanirudisha kwa mzee wangu kule Masasi? Nikawaza hadi kusema flash imeingia virusi.

Alhamisi asubuhi tukipanga vitenge, wateja bado, nikamfuata.

"Mama mdogo, shikamoo."

"Si umeshaniamkia nyumbani? Una nini?"

"Wale si ndugu. Wanapendana. Niliogopa kukwambia."

Akaendelea kukunja kitenge. "Ndugu gani anamchongea mwenzake penseli huku mikono inatetemeka? Nilijua tangu Jumanne."

"Mbona ulinyamaza?"

"Nilitaka nione huyo mama yao utamzika lini. Mama Salma ameshamwombea dua."

Nikakaa juu ya robota la vitenge, nacheka huku machozi yananitoka.

Hakusema anaafiki, nisimwekee maneno mdomoni. Alisema dukani basi, watu wa hapa wana midomo, tutaimalizia nyumbani. "Ila ukinidanganya kwenye sinema, kesho utanidanganya kwenye makubwa."

Nilichojifunza: nilichokiogopa siku tatu kiliisha kabla kitenge hakijamaliza kukunjwa. Nyie je, mmewahi kuulea uongo mpaka ukawashinda? Semeni, msiniache peke yangu.

Mimi nilichomoa flash, nikaenda duka la jirani kumwambia Mama Salma hakuna mama mgonjwa, nilimtunga.

Akaniuliza, "Na dua yangu je?"

Nikamwomba anihamishie mimi, nipate kazi.

Akaitikia amina.